Aikande na Jani la Mpaka

Ukishuka kituo cha Sakina kwa ajili ya gari bovu, utapata fundi kabla hujafunga mlango. Ukishuka kwa ajili ya njaa, ulizia loshoro ya Mama Princess. Kibanda chake kiko nyuma ya gereji ya Romanus, kimeezekwa bati la bluu, na kimehamahama upande huo wa barabara ya Nairobi kiasi kwamba wateja wake wa zamani hukitafuta kwa pua kwanza, kisha kwa macho. Mahindi yaliyokobolewa yanachemka hapo tangu alfajiri, yanapondwa na ndizi, yanamwagiwa maziwa mgando, na mtu akila bakuli moja saa nne hamsumbui mtu mwingine mpaka jioni.

Jina lake halisi ni Aikande. Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara bila msaada, mjane, mama wa binti mmoja aliyeolewa Moshi. Nyumba yake iko Sombetini, aliijenga mwenyewe chumba baada ya chumba. Ana ulimi mkali, na tusidanganyane, ulimi huo ndio uliomtia kwenye balaa ninalotaka kusimulia.

Watu wa huku kila mmoja ana mkono wa kwao, na hakuna anayeutangaza. Romanus akiweka sikio kwenye boneti anajua gari linaumwa wapi, kwa sababu babu zake kule Rombo walikuwa wakisikiliza vifua vya ng'ombe. Mwanamkuu, anayepika chapati meza ya pili pale kibandani, asili yake ni Tanga. Akipuliza moshi wa jiko lake na kutaja jina la mteja, moshi unakata kona mbili mpaka puani mwa mhusika, hata kama mhusika ameapa kwamba leo anakula kwake. Wake za watu wamekwisha kumlalamikia mpaka wamechoka.

Aikande ni Mmeru wa ukoo wa masale. Isale unalijua, lile lenye majani marefu, linalopandwa mlimani kote kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya kurithi, na juu ya makaburi. Ukiletewa jani la isale lililofungwa fundo, umeombwa msamaha, na kulikataa ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Kwa watu wengine hiyo ni mila tu. Kwa kina Aikande masale yanasikia, na jani likifungwa na mkono wao linatenda kazi.

Aliyemfundisha ni shangazi yake, Agnela, dada wa baba, wakati wa likizo za shule. Alimfundisha fundo, akamfundisha maneno, akamfundisha kushika jani kwa mikono miwili. Somo la mwisho likabaki, maana Aikande alipata mchumba, akashuka mjini, na shangazi akasema atalimalizia siku akirudi. Aikande hakurudi kuliuliza. Alijua fundo, akajiona amejua yote. Hilo lilikuwa kosa lake, na mimi sitampamba.

Sasa sikiliza ugomvi ulivyoanza. Baba yao alipofariki, matanga yalipomalizika, Aikande alimwomba kaka yake Sifael kipande kidogo cha kihamba, kule juu ya Tengeru walikozaliwa. Hakuomba shamba. Aliomba sehemu ya kupanda migomba michache kando ya kibanda cha mama yao, ili akija asionekane mgeni. Sifael, mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, alimjibu bila hata kuinua macho.

"Binti hana mpaka katika kihamba. Hilo si langu, ni la babu zetu."

Aikande akawaka. Mbele ya watu wote, wakwe wa Sifael wakiwemo, alimwambia kwamba baba alimwachia kihamba kwa kukosa mtoto mwingine wa kiume, si kwa kumpenda. Sifael aliinuka, akaenda kusimama katikati ya migomba yake, na hakutoka huko mpaka wageni walipoondoka.

Mwanamke huyu ana hasira za moto wa mabua, zinawaka na kuzimika. Miezi michache baadaye alikuwa hapati usingizi. Basi akafanya alichofundishwa. Nyuma ya nyumba yake pale Sombetini kuna safu ya masale yanayotenga kiwanja chake na cha jirani. Akakata jani moja zuri, akalifunga fundo kwa maneno yote sawasawa, akapanda mlimani, akamkabidhi kaka yake nje ya geti. Sifael alilipokea kwa mikono miwili. Wakashikana mikono, Aikande akalia kidogo, akarudi mjini moyo mweupe.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumsalimia mama yake, na mguu ukakataa getini.

Haukuuma wala haukufa ganzi. Ulikataa tu, kama punda aliyeona daraja bovu. Akajaribu wa kushoto, akajaribu kinyumenyume, akajaribu kukimbia, akaishia kukumbatia nguzo ya geti. Sifael aliyaona hayo yote kutoka barazani. Wiki ileile naye alikwenda Sombetini kuuliza kulikoni, na mlangoni kwa Aikande miguu yake ikamgomea vilevile. Tangu hapo kila mmoja aliamini jambo moja: mwenzake amemfanyia makusudi. Aikande alisema kaka ameweka kitu getini. Kaka alisema dada amefunga uchawi ndani ya jani la msamaha, na kwa mzee wa kanisa hakuna tusi zito kuliko hilo.

Miaka ikapita hivyo. Mama yao, Namelok, mwanamke wa Kiarusha aliyeolewa mlimani akiwa binti, hakutaka kuingia kwenye kesi ya watoto. Kila Jumapili baada ya ibada alichukua kigoda chake akaja kukaa ndani ya safu ya masale, na Aikande akakaa nje, njiani, juu ya jiwe. Hotipoti la loshoro lilipita juu ya masale likienda limejaa na kurudi tupu, kwa kuwa mikono haikuzuiwa, ni miguu tu. Waliongea mpaka jua la saa tisa. Wapita njia walizoea, wakawa wanasalimia pande zote mbili.

Kisha mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Mama Namelok aliteleza kwenye magimbi akavunjika nyonga.

Hospitalini Aikande alikuwa naye kila siku, maana wodi haina ukoo. Alimwogesha, akamlisha, akagombana na wauguzi kwa niaba yake. Lakini madaktari walipofanya walichoweza walisema arudi nyumbani, alale, asihamishwehamishwe. Aikande aliomba ampeleke Sombetini. Mama alikataa katakata. Alitaka kitanda chake, kwenye kibanda chake, karibu na kaburi la mumewe. Sifael akamrudisha mlimani, na siku hiyo Aikande alilifuata gari hadi getini, akasimama pale akiangalia machela ikipita mahali ambapo yeye hawezi kupita.

Mama hakuweza tena kuja na kigoda. Sia, mke wa Sifael, alimhudumia vizuri, na mimi sitamsema mwanamke wa watu, lakini mgonjwa alikuwa na ukaidi wake. Alikula vijiko viwili akageukia ukuta. Alimtaka bintiye. Walipomletea simu yenye picha ili amwone, aliitazama mara moja akairudisha.

"Simtaki mtu mdogo ndani ya kioo," alisema. "Namtaka Aikande mwenye mikono."

Siku moja Sifael alijaribu kumbeba na godoro lake ampeleke getini kwa dada yake, bila kumwambia mtu. Hatua chache tu, mama alipiga ukelele uliosikika hadi kwa majirani, na Sifael akamrudisha kitandani. Aikande aliusikia ukelele ule akiwa njiani. Alirudi Sakina siku hiyo akapika loshoro isiyo na chumvi, na kwa mara ya kwanza wateja walikula bila kutania.

Ndipo akaenda kwa Shangazi Agnela. Angekwenda mapema, kwani ni kijiji hichohicho, lakini kiburi kilimwambia atachekwa. Shangazi alikuwa mzee sasa, kipofu wa jicho moja, amekaa jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Aika. Umekuja kuchukua somo lako?"

Aikande akamweleza yote. Shangazi alimsikiliza akiendelea kumenya, kisha akauliza swali moja tu.

"Hilo jani ulilikata wapi?"

"Sombetini, nyuma ya nyumba."

"Kwenye kaburi la nani?"

"Si kaburini, shangazi. Kwenye mpaka wa kiwanja."

Kisu kikasimama. Shangazi alimtazama kwa jicho lake zima, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka ndizi chini.

"Ewe mtoto! Isale la kaburini limekaa na watu waliokwisha kusameheana. La mpakani kazi yake ni kutenga, halijui nyingine. Umekwenda kwa kaka yako ukamkabidhi ukuta, naye akaupokea kwa mikono miwili!"

Aikande hakucheka. Miaka yote alikuwa amemchukia kaka yake kwa kitu alichokifunga yeye mwenyewe kwa vidole vyake.

"Linafunguliwaje?" aliuliza.

"Jani la mpaka hufunguliwa na jani la kaburini, la kaburi la watu wenu. Na mkono uliokata lile la kwanza ndio ukate la pili. Mtu mwingine hawezi kukukatia."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Kaburi la baba yao lilikuwa nyuma ya kibanda cha mama, ndani ya kihamba, na kutoka njiani hata fimbo ndefu isingelifikia. Dawa ilikuwa ndani, mgonjwa alikuwa ndani, na miguu ya Aikande ilikuwa nje.

Hakulala juu ya ukweli. Kutoka kwa shangazi alikwenda moja kwa moja getini, akamwita kaka yake kwa sauti yake ile ya barabarani, akamweleza. Kwamba hakumfunga kwa makusudi. Kwamba kosa ni lake, si la mtu mwingine. Sifael alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "ulikuwa hujui?"

"Sikujua, kaka. Nilidhani ni wewe."

"Na mimi nilidhani ni wewe."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Hakumkasirikia, lakini hakumfurahia pia. Kuamini ghafla kitu ambacho umekikataa kwa miaka si kazi ndogo, na Sifael hakuwa mtu wa kufanya jambo lolote ghafla.

Wazo lilikuja Sakina, katikati ya kazi. Mwanamkuu alikuwa anasukuma chapati na kunung'unika, kwa sababu wapimaji wa barabara walikuwa wamepita tena na vigingi vyao vyenye rangi nyekundu.

"Mama Princess, hawa watu watatuhamisha mpaka tufike Namanga," alisema. "Unakumbuka ile mara ya kwanza? Jioni tumefunga tuko kwenye eneo letu, asubuhi tunafungua tunaambiwa tuko ndani ya barabara. Na sisi wala hatujanyanyua mguu!"

Aikande aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hatujanyanyua mguu," alisema Aikande polepole. "Sisi hatukuvuka kitu. Mpaka ndio uliovuka." Akavua aproni. "Mwanamkuu, nishikie biashara."

Alimkuta shangazi yake palepale jikoni. Alipomwambia alichofikiria, bibi kizee hakucheka safari hii. Alilipima jambo.

"Inawezekana," alisema. "Masale yanamsikia mwenye kihamba. Akiyang'oa kwa hiari yake na kuyapanda mahali pengine siku hiyohiyo, mpaka unahama. Akiyang'oa asiyapande, hatapata pa kulala tena duniani, miguu yake itakataa kila mlango. Lakini nisikilize vizuri, Aika. Upande utakaobaki nje utakuwa wako, wako kabisa. Kibanda cha mama yako kikiwa kwako, Sifael hataweza kukanyaga humo. Hatamwona mama yake mpaka wewe umpe jani. Basi unapomwomba, ujue unamwomba nini."

Alijua. Alisimama getini jioni ile akamwambia kaka yake lote, hata sehemu iliyokuwa mbaya kwake, na Sifael alipoielewa uso wake ulibadilika.

"Unaniomba nikupe mama, nikupe kaburi la baba, nikupe na migomba," alisema. "Halafu nisimame nikungojee."

"Ndiyo, kaka."

"Na ukiingia ukaamua kutonipa hilo jani?"

Aikande angeweza kuapa, angeweza kulia. Alisema kweli tupu.

"Basi utakuwa umefungiwa nje kama nilivyofungiwa mimi. Sina cha kukuwekea dhamana. Una neno langu tu, na neno langu mara ya mwisho lilikuumiza."

Sifael alitazama safu ya masale. Babu yao aliyapanda yale, baba yao akayapalilia, na yeye tangu ujana hajawahi kumruhusu jirani yeyote asogeze hata upana wa kiganja. Kisha kutoka kibandani ikaja sauti ya mama yao, nyembamba, ikimuuliza Sia kama Jumapili imefika. Haikuwa Jumapili. Sifael alipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Uvae viatu vya shamba."

Jumamosi hiyo habari zilikuwa zimewatangulia. Ukoo mzima ulikuja, na wasio wa ukoo wakaja kwa sababu hawakutaka kusimuliwa. Mwanamkuu alifunga meza yake akapanda mlima kwa pikipiki, jiko la mkaa mapajani. Romanus alileta jeki ya lori, akajigamba kwamba hakuna kitu kilichowahi kumshinda kung'oa. Akaifunga kwenye isale la kwanza, akapampu mpaka jeki ikazama ardhini hadi shingoni. Isale halikutikisika hata jani. Watu walimcheka mpaka akacheka mwenyewe. Shangazi Agnela alimsogeza kando, akalishika lile isale kwa vidole viwili, akaliambia kitu kwa Kimeru, na likatoka na mizizi yake yote kama kitunguu kwenye udongo wa mvua.

"Ni damu tu inayong'oa hapa," alisema. "Wengine chimbeni mashimo."

Basi kazi ikaanza. Wa ukoo waling'oa, wageni wakachimba mashimo mapya kule juu, nyuma ya kaburi na kibanda. Sifael alivuta kutoka ndani na Aikande kutoka nje, wakitazamana usoni kwa kila isale walilolishika pamoja. Kufikia la katikati Sifael alisema, "Vuta basi, au loshoro yako haina nguvu?" na Aikande akamwambia avute yeye, mzee wa kanisa, mikono imezoea vitabu vya nyimbo. Sia akaguna kwa kicheko. Kutoka dirishani mwa kibanda mama yao alikuwa akitoa amri kwa kila mtu bila kumwona hata mmoja.

"Msikanyage magimbi yangu! Nani huyo anakohoa? Mpeni maji!"

Yalipobaki masale machache ya mwisho kupandwa, Sifael aliingia kwa mama yake. Alikaa humo kitambo, hakuna aliyemfuata. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alipita kando ya kaburi, akavuka kwenda upande wake wa juu, akageuka, akachukua isale la mwisho akalitia shimoni kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ilibaki kauli, na kauli ni ya mwenye kihamba peke yake.

"Huku ni kwangu mimi Sifael," alisema. Akakohoa, akaanza upya kwa nguvu. "Na huko ni kwa dada yangu Aikande, binti wa baba yangu. Ana mpaka."

Hakuna mtu aliyewahi kuyasikia maneno hayo kwenye mteremko ule. Shangazi Agnela ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, halafu wanawake wote wakampokea, Mwanamkuu akawapita kwa kile cha kwao Tanga, na migomba ikatikisika bila upepo.

Aikande alikuwa bado amesimama njiani, mahali palepale penye jiwe lake la Jumapili. Aliinua mguu wa kulia. Ukaenda. Akainua wa kushoto, ukaenda. Alipita mahali palipokuwa na geti, akiwa na tope hadi magotini, akaendelea, na machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

"Aika!" Mama yake alikuwa amesikia hatua. "Aika, ni wewe?"

"Ni mimi, mama! Nakuja!"

Mlango wa kibanda ulikuwa hatua chache tu. Mwili wake wote ulitaka kuukimbilia. Lakini kule juu, nyuma ya masale mapya, Sifael alikuwa amenyanyua mguu kuujaribu, na mguu ulikuwa umemgomea. Aliushusha. Akaunyanyua tena, akaushusha.

"Kumbe hivi ndivyo ilivyo," alisema.

"Ndivyo ilivyo," alijibu Aikande.

"Miaka yote, kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Pole, dada yangu," alisema Sifael. Hakuwahi kumwambia hivyo maishani.

Aikande aliupita mlango wa mama yake, akaenda kwanza kaburini. Alipiga magoti, akamsalimu baba yake, akakata jani moja kwenye isale la kichwani. Akalifunga fundo lile alilofundishwa utotoni, neno kwa neno, huku shangazi akifuatisha kwa midomo ili asikosee. Kisha akamwendea kaka yake mpakani akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Kaka, nilikutukana mbele ya wakwe zako. Nilisema baba alikuachia kihamba kwa kukosa mwingine. Nilisema uongo. Alikuachia kwa kukupenda, mimi nilikuwepo, nilimwona alivyokuwa akikutazama ukipalilia. Nisamehe."

Sifael alilipokea. Hakuna radi iliyopiga wala ardhi iliyotetemeka. Alinyanyua mguu wake mrefu, akapita katikati ya masale mawili aliyoyapanda muda si mrefu, akasimama kwenye ardhi ya dada yake. Wakakumbatiana wakiwa na udongo mpaka nyusoni, na kelele za watu zilifika hadi barabara ya Moshi. Kijana mmoja wa ukoo akashika isale la mwisho, akauliza kama sasa yarudishwe yalipokuwa, kwa vile ugomvi umekwisha.

"Uliache," alisema Sifael bila kumwachia dada yake. "Yabaki hapohapo. Na kesho nitamletea machipukizi ya migomba ya mshare apande."

Waliingia kibandani pamoja, au walitaka kuingia. Aikande alifika mlangoni akasita. Miaka yote alikuwa akiuwaza mlango huu, na sasa mbele yake alikosa la kufanya, akafanya alilofundishwa kila mtoto mwenye adabu. Alipangusa miguu, akapaza sauti.

"Hodi, mama!"

Ndani kitanda kililia. Mama Namelok alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha, kila isale lililong'oka na kila neno, na alikuwa amejiinua kwa kiwiko ingawa alikatazwa.

"Hodi ya nini?" alifoka. "Tangu lini mtu akapiga hodi kwake?"

Aikande akaingia.